Misonobari inakauka katikati ya shamba: nipulize dawa gani?

Swali: "Mtaalamu, nina shamba la misonobari la miaka 11. Tulipanda kwa nafasi ya mita mbili na nusu, na tangu hapo hatujapunguza hata mti mmoja, maana kila mti tuliuona ni mali. Sasa katikati ya shamba baadhi imeanza kugeuka njano, kisha kahawia, na inakauka ikiwa imesimama. Kwenye mashina kuna matone ya utomvu, na kwenye michache nimeona vitundu. Pembeni nina mikaratusi michanga. Mingine majani yake yameliwa kingo, mingine ina vinundu kwenye majani. Nimeambiwa nipulize dawa shamba zima kabla wadudu hawajamaliza. Nipulize dawa gani? Na je, mbao za miti iliyokufa bado zinafaa?"

Jibu: Dawa usinunue kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, mdudu anayeua misonobari yako yuko ndani ya mti, ama chini ya gome ama ndani kabisa ya mbao, na hakuna bomba la mgongoni wala la injini linalomfikia huko. Utakacholowesha ni gome la nje na sindano za chini. Utakaowaua ni nyigu wadogo na mbawakawa wawindaji ambao kazi yao ni kumla huyo huyo unayemtafuta. Dawa ya kudunga kwenye shina ipo, na kwa mti mmoja wa thamani ulio mbele ya jengo inaweza kufaa. Kwa maelfu ya miti ya mbao, hesabu yake haikubali.

Kwa hiyo anza kwa kumjua mdudu. Chukua panga, shoka dogo, msumeno na rula. Usiende kwenye mti uliokauka kabisa na kubadilika rangi wote, kwa sababu huo mara nyingi wadudu wake wameshahama, na hapa ndipo wengi wanapopotea: wanakata miti myekundu, wanachoma, wanarudi nyumbani wamefurahi, huku wadudu wakiwa kwenye miti ya jirani ambayo bado inaonekana kijani. Tafuta mti ambao kilele chake ndiyo kwanza kinafifia.

Kwenye mti huo, kwa kimo cha kifua, bandua kipande cha gome cha ukubwa wa kiganja na ugeuze upande wa ndani. Kama ni mbawakawa wa magome, utakuta pamechorwa. Kuna mfereji mmoja mnene ambao mama aliuchimba akitaga, na kutoka pande zake vinatoka vijifereji vyembamba ambavyo vinapanuka kadiri vinavyosonga mbele. Vinapanuka kwa sababu buu lililokuwa likila lilikuwa likikua. Kila kijifereji ni cha buu moja, na mwisho wake pana chumba kidogo ambamo lilijigeuza kuwa pupa. Nje ya mti huo huo, kwenye nyufa za gome na kwenye shingo ya mizizi, utakuta unga laini wa rangi ya gome, na pengine mabonge madogo ya utomvu yenye tundu katikati, mahali mti ulipojaribu kumsukuma mdudu nje.

Kama chini ya gome ni pasafi, hamna michoro, basi angusha mti huo mmoja na ukate visahani vya shina. Nyigu wa mbao, Sirex noctilio, hafanyi kazi chini ya gome. Buu lake linachimba ndani ya mbao na kulijaza handaki kwa unga laini ulioshindiliwa, kiasi kwamba kwenye kisahani kilichokatwa unaweza kuliruka kwa macho usilione. Hakuna unga unaomwagika nje. Unachokiona nje ni matone ya utomvu pale jike alipotoboa ili atage, na baadaye vitundu vya kutokea vilivyo duara kamili, kama vimetobolewa kwa keekee. Pima kwa rula. Vya nyigu huyu havilingani, kwa sababu nyigu wenyewe hawalingani: kingine milimita tatu, kingine sita au zaidi, kwenye shina moja.

Umbo la tundu linasema mengi. Tundu la yai, lililobonyea upande, pamoja na nyuzi nyuzi za mbao zilizochambuliwa, ni la mbawakawa wa pembe ndefu. Tundu lenye umbo la herufi D, upande mmoja bapa, ni la jamii ya mbawakawa wanaong'aa kama vito. Vitundu vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano, vyenye doa jeusi kuzunguka na unga mweupe, ni vya mbawakawa wanaolima kuvu ndani ya mbao. Hao kwa kawaida wanafika mti ukiwa tayari unakufa au gogo likiwa limelala, kwa hiyo wanaharibu mbao lakini usiwabebeshe lawama ya kuua.

Kwa matone ya utomvu uliyoyataja, na kwa kuwa miti inayokufa ni ya katikati, mimi ningeshuku nyigu wa mbao kabla ya wengine. Lakini hilo ni la kuthibitisha kwa shoka.

Kuna hali moja ambayo nataka uiondoe mapema. Kama katika msimu wa joto mti mzima unanyauka ndani ya wiki chache, na ukikata gome halitoi utomvu kabisa, omba idara ya misitu ije ichukue sampuli za mbao kabla hujagusa kitu. Hizo ni dalili za minyoo ya misonobari, viumbe wasiofika hata urefu wa milimita moja na nusu, wanaosafirishwa na mbawakawa wa pembe ndefu wa jenasi ya Monochamus. Wameangamiza misonobari ya Japani kwa zaidi ya karne moja, na mwaka 1999 waligunduliwa Ureno. Hapo suala linakuwa la karantini, halibaki kuwa lako peke yako.

Sasa tuje kwenye kile unachokiita mali. Nafasi ya mita mbili na nusu ni miti 1,600 kwa hekta. Mwanzoni hiyo ni sawa, maana inakupa mashina yaliyonyooka na matawi membamba. Ila kwa miaka 11 bila kupunguza, vilele vimeshafungana, mizizi inagombania maji yale yale, na miti iliyobaki nyuma imekuwa mahututi ingawa bado ni ya kijani. Msonobari hujilinda kwa utomvu. Mdudu akitoboa, utomvu unamfurika na kumzamisha. Kusukuma utomvu kunahitaji maji na sukari, na mti uliosongwa hauna akiba ya vyote viwili. Wadudu wa ndani ya shina wanalijua hilo, tena wengi wao wanaongozwa na harufu ya mti uliochoka. Ndiyo maana vifo vimeanzia katikati na siyo kwenye mstari wa pembeni wenye mwanga na nafasi.

Nyigu wa mbao ni mfano mzuri wa jambo hili, na ni mdudu ambaye mimi binafsi humstaajabia. Asili yake ni Ulaya, Asia na kaskazini mwa Afrika, na huko hasumbui sana. Alipotoka, ndipo alipokuwa janga: alifika Nyuzilandi mwanzoni mwa karne ya 20, akaonekana Tasmania mwaka 1952, kisha Uruguay mwaka 1980 na Afrika Kusini mwaka 1994. Jike anapotoboa mti anaacha vitu vitatu: yai, ute wenye sumu na mbegu za kuvu. Ute unavuruga mwendo wa maji na chakula ndani ya mti. Kuvu inakausha mbao na kuzilainisha. Buu linakula mbao zilizokwisha kuandaliwa na kuvu. Mmoja peke yake hawezi chochote kwa mti wenye nguvu. Kwa mti uliosongwa, anatosha.

Kati ya mwaka 1987 na 1989, katika eneo la misonobari linaloitwa Green Triangle, kwenye mpaka wa Australia Kusini na Victoria, nyigu huyu aliua zaidi ya miti milioni tano. Sehemu kubwa ya mashamba yale yalikuwa yamechelewa kupunguzwa. Na kulikuwa na sababu ya pili ambayo ndiyo inayonifanya niisimulie. Adui mkuu wa nyigu huyu ni mnyoo mdogo aitwaye Deladenus siricidicola, aliyegunduliwa Nyuzilandi miaka ya 1960. Mnyoo huyu ana maisha mawili. Kama hakuna mabuu karibu, anakula ile kuvu na kuzaliana humo humo kwenye mbao. Akilikuta buu, anageuka umbo, anapenya ndani yake, na nyigu jike anapokomaa mayai yake yanakuwa yamejaa minyoo. Jike huyo hana habari. Anaruka mti hadi mti akitaga minyoo badala ya watoto. Ni silaha inayobebwa na adui mwenyewe. Lakini kwa miaka mingi minyoo ya kusambaza ilikuwa ikikuzwa maabara kwa kulishwa kuvu tu, bila kukutana na nyigu, na ikasahau kazi yake ya pili. Ilikuwa ikidungwa kwenye miti na isishike mabuu ipasavyo. Ilibidi wataalamu warudi kwenye msitu wa Kamona, Tasmania, kuchukua upya mbegu ya porini. Tangu hapo ndiyo inayotumika, na hutunzwa kwenye ubaridi mkali ili isipitie tena mkondo ule.

Katika nchi nyingi ambako nyigu huyu ni tatizo, mnyoo huo unatolewa na taasisi za utafiti wa misitu. Wanachagua miti michache iliyosongwa, wanaidhoofisha makusudi kwa kuidunga kiuagugu majike yakiwa hayajaanza kuruka, wanaacha nyigu waikimbilie, kisha wanaiangusha na kuidunga minyoo. Ukithibitisha kuwa ndiye, hiyo ndiyo huduma ya kuulizia.

Kama badala yake utakuta michoro chini ya gome, mambo yanabadilika kiasi. Mbawakawa wa magome wanaua kwa wingi wao. Wa kwanza kufika hutoa harufu inayowaita wenzao, na ndani ya siku chache mti unavamiwa na mamia au maelfu mpaka utomvu unaisha. Kwa kawaida wanaishi kwenye miti iliyoangushwa na upepo au iliyokwisha kudhoofika, lakini wakishaongezeka kupita kiasi, hata mti wenye afya hausalimiki. Huko British Columbia, Kanada, mbawakawa wa misonobari wa milimani aliathiri takriban hekta milioni 18 kuanzia miaka ya 1990. Baridi za kuua mabuu zilikuwa zimepungua, na misitu ilikuwa imejaa misonobari iliyozeeka kwa sababu mioto ilizimwa kwa miongo mingi. Ulaya ya kati, baada ya ukame wa mwaka 2018, mbawakawa Ips typographus alifanya vivyo hivyo kwa miti ya spruce, jamaa ya msonobari. Dawa kwa wadudu hawa ni mwendo wa haraka: mti uliovamiwa uangushwe na kutolewa, au ubanduliwe gome, kabla kizazi kipya hakijaruka. Katika joto kali hiyo ni wiki chache tu, wala si miezi ya kusubiri mnunuzi.

Kwa nyigu wa mbao, kubandua gome hakusaidii kitu, kwa sababu buu limo ndani. Lakini una muda zaidi, maana kizazi chake kwa kawaida huchukua mwaka mzima. Gogo lenye mabuu lipasuliwe na mbao zikaushwe kwa joto kabla ya msimu wa kuruka. Kipimo kinachotumika kimataifa kwa mbao za vifungashio ni joto la nyuzi 56 za Selsiasi hadi kiini cha mbao kwa dakika 30 mfululizo, na hicho ukikitimiza, hakuna buu litakalobaki hai. Usiliuze gogo zima lenye mabuu likasafirishwe mbali. Kuni na magogo yenye magome ndiyo magari ya wadudu hawa, na mashamba mengi yaliyoambukizwa yaliletewa tatizo na lori.

Kuhusu mbao, ndiyo, za mti uliokufa karibuni zinafaa. Kuvu ya bluu inayoletwa na mbawakawa wa magome inachafua rangi, na mnunuzi atakushusha bei, lakini haizipunguzii mbao nguvu kwa kiwango cha kuzikataa. Kuvu ya nyigu ni hatari zaidi kwa sababu inaozesha. Mti ulioshambuliwa nayo ukiuacha umesimama, ubora wake unashuka haraka kuliko unavyodhani. Kwa hiyo vuna iliyokufa kwanza na upasue mapema, usisubiri ijae lori.

Halafu punguza miti. Hii ndiyo dawa yako hasa, na najua ndiyo utakayoipinga. Ondoa kwanza inayokufa, kisha iliyosongwa, yenye vichwa viwili, iliyopinda na yenye vidonda. Lakini usikurupuke ukaondoa nusu kwa mkupuo. Miti iliyokua imebanana ni mirefu na myembamba, imezoea kuegemeana, na ukiifungulia ghafla upepo utaiangusha, nawe utakuwa umewaandalia mbawakawa karamu. Robo hadi theluthi inatosha kwa awamu ya kwanza, kisha subiri miaka miwili au mitatu vilele vijaze na mashina yanenepe, ndipo urudi tena.

Fanya kazi hiyo, pamoja na kupogolea, katika msimu ambao wadudu hawaruki, yaani kipindi cha baridi. Harufu ya utomvu mbichi unaotoka kwenye kidonda inasafiri mbali. Matawi membamba yaliyokatwa unaweza kuyaacha. Yatanyauka kabla mdudu hajamaliza kukua humo. Magogo mazito yenye gome yasilale shambani.

Mikaratusi ni kesi nyingine kabisa, na nisingeichanganya na ya misonobari hata kwa siku moja. Majani yaliyoliwa kingo kwa mapengo mapengo ni kazi ya mbawakawa wenye mdomo mrefu, Gonipterus. Angalia pia majani machanga: mabuu yake ni ya manjano yenye ute, yanaburuta uzi mweusi wa kinyesi, na yanakwangua uso wa jani na kuacha njia. Ukikuta vifuko vidogo vyeusi vilivyogandishwa kwenye jani, hayo ni mayai, na hapo ndipo pa kuangalia kwa lenzi. Mdudu huyu alionekana Afrika Kusini mwaka 1916 na kuharibu sana, mpaka mwaka 1926 alipoletwa kutoka Australia nyigu mdogo sana, Anaphes nitens, anayetaga ndani ya mayai yake. Ni moja ya mafanikio ya zamani zaidi ya udhibiti wa kibiolojia katika misitu ya kupandwa. Kama vifuko vyako vina vitundu vidogo mno, huenda nyigu huyo tayari yupo shambani kwako akifanya kazi bila malipo. Pulizia dawa, utamfukuza kazi.

Vinundu kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye vikonyo ni vya nyigu mwingine, Leptocybe invasa, wa urefu wa milimita moja hivi. Alionekana Israeli mwaka 2000, na ndani ya miaka michache akawa ameenea Afrika, Asia na nchi za Mediterania, kwa sababu jike huzaa bila dume. Mti mkubwa haufi mara nyingi, ila mche wenye vinundu unadumaa na hautakulipa. Aina za mikaratusi na kloni zake (miche iliyozalishwa kutoka mti mmoja bila mbegu) zinatofautiana sana katika kumvumilia; hapo ndipo pa kuweka akili yako wakati wa kununua miche. Mche wenye hata kinundu kimoja usiupokee kutoka kitaluni. Na kitaluni ndipo mahali pekee katika simulizi hii ambapo dawa, ikitumiwa na anayejua kipimo, ina nafasi ya heshima.

Usinielewe kwamba wadudu wa majani hawana gharama. Mti wa majani mapana ukinyonyolewa mara moja huchipua tena. Msonobari ukinyonyolewa wote unaweza kufa. Hata usipokufa, kinachopotea ni unene. Huko Nilambur, India, watafiti walilinganisha mitiki iliyolindwa na isiyolindwa dhidi ya kiwavi Hyblaea puera, na kwa miaka mitano isiyolindwa ilipoteza asilimia 44 ya ujazo wa mbao ambao ingeongeza. Lakini hata huko, kilichotafutwa baadaye ni kirusi kinachomuua kiwavi huyo peke yake. Kupulizia sumu msitu mzima kutoka juu hakukuonekana kuwa suluhisho.

Jambo la mwisho ni mapengo yatakayobaki ukishaangusha. Usiyajaze miche ya misonobari leo wala kesho. Kivuli kitaidumaza, na visiki vibichi huvuta fukusi wanaotaga humo, kisha wakubwa wao hutoka na kutafuna gome la miche michanga mpaka linaisha kuzunguka shina lote. Huko Ulaya, Hylobius abietis ni sababu kubwa ya watu kuchelewesha upandaji baada ya kuvuna. Kama sehemu yako ina mchwa, mche wenye mizizi iliyojikunja mfukoni ndio wa kwanza kuliwa. Ukitaka kupanda kitu, panda aina nyingine kwenye mapengo makubwa. Mchanganyiko si kinga ya kila mdudu, maana wapo wanaokula karibu kila kitu, ila mdudu mwenye chakula kimoja hutaabika kukifikia.

Ukishapasua, niandikie umbo la tundu na kipenyo chake kwa milimita, kama unga ulikuwa nje au ndani, na kama vifo ni vya mti mmoja mmoja au vya kundi. Mabuu mawili matatu yaweke kwenye chupa ya spiriti, na kipande cha gogo cha nusu mita kifungie ndani ya wavu mgumu wa chuma wenye matundu madogo, mbali na shamba, mpaka wakubwa watoke. Mabuu ya jamii hizi yanafanana mno. Mdudu mzima ndiye anayetaja jina lake.